Hapa Ulipigiwa Simu

Mama yangu alikuwa na kawaida moja iliyowaudhi wageni na kutuchekesha sisi wa nyumbani. Akishika sindano, mtu akapiga hodi mlangoni, haitikii mpaka amalize ua analolishona. Hodi ya kwanza inapita, ya pili inapita, na mara nyingine hata ya tatu. Majirani wa mtaa wetu wa Mji Mkongwe walishamzoea. Wenye haraka waliondoka, wasio na haraka walikaa barazani wakangoja, na hakuna aliyenuna, kwa sababu kila mtu anajua hodi ni tatu, na baada ya hapo mwenye nyumba ana hiari yake.

Alikuwa akishona kofia za viua. Kwa asiyezijua, ni zile kofia za kitambaa cheupe zenye maua ya matundu madogo madogo, kila tundu limetobolewa kwa sindano nene kisha likazungushiwa uzi mpaka likakaza. Wengine huchora maua yote kwa penseli kabla ya kuanza. Mama alichora mistari miwili tu, wa juu na wa chini, na yaliyobaki aliyahesabu kichwani: matundu manane kulizunguka moja la katikati, kisha nafasi, kisha ua jingine. Ukihesabu sawasawa, ua la mwisho linakutana na la kwanza pale kitambaa kinapoungwa. Ukikosea hujui, mpaka ufike mwisho, na mwisho ni miezi mingi mbele.

Miaka ya themanini, nilipokuwa msichana wa shule, nilikaa naye kila baada ya sala ya alasiri kwenye dirisha la ghorofani, yeye na kofia yake na mimi na kipande changu cha kujifunzia. Umeme ukikatika redio ilinyamaza, na ukirudi tulichelewa kugundua. Sikujua kama nafanya jambo gumu. Nilidhani kukaa saa mbili na kitu kimoja mkononi ni maumbile ya binadamu, kama kupiga chafya.

Miaka ishirini baadaye nilikuwa mtu mwingine. Nilifanya kazi kwenye ofisi ya kupangia wageni safari, kutwa nikijibu barua pepe za watu wa Ulaya wanaotaka kujua kama bahari ya Jambiani ina papa. Na nilikuwa na simu ya mkononi. Wakati ule simu zilikuwa bado mpya kwetu na tulizishika kama watoto wachanga. Shoga yangu wa tangu skuli alikuwa akinibipu mara kumi kwa siku, inalia mara moja inakatika, maana yake nimpigie mimi. Nikimpigia, hana neno. Kulikuwa na meseji za kutakiana Ijumaa njema, na zile zinazokutaka uzitume kwa watu kumi la sivyo utapata balaa. Na kama hakuna aliyenitafuta, kulikuwa na ule mchezo wa nyoka. Nilirudi nyumbani nimechoka, na uchovu wenyewe sikujua nimeutoa wapi, maana nikijiuliza nimefanya nini tangu asubuhi sikuwa na la kuonyesha.

Ndipo macho ya mama yalipoanza kuondoka. Daktari alisema ni presha ya macho. Dawa za matone zitapunguza mwendo tu, lakini kilichokwisha kupotea hakitarudi. Wakati huo alikuwa akiona kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo, cha katikati anakiona, cha pembeni hakipo. Tuliporudi kutoka hospitali hakulia. Alifungua kasha lake, akatoa kitambaa na uzi mweupe, akanipa. Tangu waoane, baba alikuwa havai kofia ya Idd isipokuwa aliyoishona mama. Sasa alitaka Idd inayofuata avae niliyoishona mimi, na aione kwa macho yake kabla hayajazimika. Alitaka kujua kazi ile haiishii kwake.

Nilikuwa na karibu mwaka mzima. Nilisema inshallah kwa sauti ya mtu anayedhani mwaka ni kitu kirefu.

Nilianza vizuri. Siku ya kwanza nilishona maua mawili. Siku ya pili shoga alibipu nikiwa kwenye tundu la tano, nikampigia, tukazungumza harusi ya watu tusiowajua, niliporudi sikukumbuka ni la tano au la sita. Nikakisia. Hivyo ndivyo ilivyokwenda miezi mingi. Nilikuwa nashona kwa mkono mmoja na kusikiliza kwa sikio la pili, na kusikiliza kunachosha kuliko kushona. Mama alikuwa upande wa pili wa dirisha, mikono imelala mapajani. Siku moja tu aliniuliza kwa nini naangalia simu kila dakika. Nikamwambia naangalia saa. Akauliza saa ina haja gani ya kuangaliwa hivyo kwenye nyumba inayosikia adhana za misikiti mitatu.

Wiki mbili kabla ya Ramadhani nilifika mwisho wa duara. Niliunga pande mbili za kitambaa, na ua la mwisho likakatika katikati. Nusu ya ua ilikuwa imekaa kando ya ua zima, na hapakuwa na namna ya kuifanya isionekane.

Nilitaka kumficha mama, lakini alinyoosha mikono na nikampa. Hakuipeleka usoni. Aliishika kwa mkono mmoja na kuizungusha taratibu, kidole cha shahada cha mkono wa pili kikipita juu ya maua moja baada ya jingine. Kikasimama kwenye ua lenye matundu saba.

"Hapa ulipigiwa simu," akasema.

Akaendelea. Kikasimama tena penye nafasi iliyopanuka kupita kiasi. "Na hapa." Akazungusha, akasimama, akazungusha. Hakuwa amekasirika, alikuwa anasoma tu. Alisoma mwaka wangu mzima kwa kidole kimoja, mbele ya baba, na mimi nimekaa pale uso umenishuka kwa haya.

Baba alikuwa mtu wa kupoza mambo. Alisema ataivaa vivyo hivyo, kiungo atakiweka kisogoni, nani atamwangalia kisogo msikitini. Nilimshika neno haraka sana. Mama akatikisa kichwa.

"Wewe una kofia kumi na ngapi kabatini," akamwambia baba. Kisha akanigeukia mimi, akiangalia kidogo pembeni ya nilipokaa. "Mie nlitaka nione kama mwanangu anaweza kukaa kitako. Basi."

Nilianza kuifumua siku ileile. Kitambaa kilikuwa kimeshachakaa kwa kutobolewa, hakikufaa tena, ikabidi ninunue kingine. Uzi pia nilibadilisha. Sikutaka tena mweupe juu ya mweupe. Nilichagua kahawia, ile iliyokoza, nikijiambia kuwa hata kama macho yatazidi kufifia, rangi ile ataiona.

Laiti ningesema kuwa tangu hapo nilijirekebisha. Nilizima simu, na nikagundua simu iliyozimwa inaita zaidi kuliko iliyowashwa. Kila tundu nilijiuliza nani ananitafuta. Mama akaniambia niishushe jikoni, niitie kwenye sufuria, nifunike. Nikaishusha bila kuizima. Ilipotetemeka humo ndani, sufuria nzima ilinguruma mpaka baba akatoka uani kutazama. Tukaihamishia kwenye debe la mchele. Mchele uliinyamazisha. Ilitoka humo na vumbi kwenye vibonyezo, na shoga yangu aliponiuliza kwa nini sikupatikana nilimwambia ukweli: nilikuwa kwenye ua. Nilimwambia abipu mara tatu kama hodi, asipojibiwa angoje. Alininunia wiki mbili, kisha akasema siku hizi nimekuwa mtu mkubwa.

Mama alinipa sharti moja tu. Nisiinuke katikati ya ua. Likiisha, niko huru kwenda kwenye debe nikitaka. Mwanzoni nilikwenda kila baada ya ua, kama mtu mwenye ugonjwa wa tumbo. Mguu ulikuwa ukinicheza. Nilichukia kofia, nilichukia debe, na kuna siku nilimchukia mama, niseme kweli, kwa utulivu wake. Baadaye nikawa naenda kila baada ya maua mawili, baadaye matatu. Siku moja adhana ya magharibi ilinikuta sijainuka hata mara moja, na sikuona raha yoyote ya ushindi. Niliona uchovu, lakini uchovu wa vidole na mgongo, ule niliokuwa nao zamani baada ya kushona.

Ile Idd tuliyoikusudia ilipita, baba akavaa kofia ya zamani. Mama alipokuwa akitembea sasa alipapasa ukuta, na chai tulimwekea mkononi. Sikumuuliza kiasi gani anaona. Niliogopa jibu, na nilijua hesabu ya miezi niliyompotezea ilikuwa yangu peke yangu.

Nilimaliza alasiri moja ya siku za kawaida, wala haikuwa karibu na sikukuu. Niliunga kitambaa na ua la mwisho likakaa kando ya la kwanza, mazima yote mawili. Niliifua, nikaitia kanji, nikainyoosha, ikasimama imara. Kisha nikampelekea mama dirishani, mahali penye mwanga mwingi kuliko pote nyumbani.

Aliipokea kwa mikono miwili. Kidole kikaanza safari yake. Nilikuwa naangalia kidole tu, nikingoja kisimame. Kilipita ua la kwanza, la pili, kikazunguka upande wa pili, kikapita kwenye kiungo, kikarudi kilipoanzia. Akakizungusha tena.

"Hapa hakupiga mtu," akasema. Akamwita baba, akampapasa kichwa kwa mkono wa kushoto na kumvisha kwa wa kulia, akaiweka sawa.

Baba alisimama pale dirishani amevaa, jua limempiga upande mmoja, na maua ya kahawia yanaonekana hata na aliye upande wa pili wa chumba. Mama alikuwa amemwelekea, macho wazi, anatabasamu.

"Uzi umetia rangi gani?" akaniuliza.

Nikamwambia kahawia.

Akasema kahawia inampendeza baba. Kisha akauliza kama imekoza, nikamwambia ndiyo, Mama, imekoza sana.