Mkia wa Mgonjwa Aliyetangulia

Dada yangu hakuwa mtu wa kuomba radhi. Ukimkanyaga, kosa lako. Akikukanyaga yeye, mguu wako ulikuwa unatafuta nini pale? Basi mtu wa namna hiyo akajitengenezea kompaila yake mwenyewe, ile programu inayogeuza maandishi ya mtaalamu kuwa maagizo ya kompyuta. Jamani, tulikoma! Hatukupata kula mezani bila kompaila kusifiwa.

Kwa kompaila hiyo akaunda skrini ya kuita wagonjwa kwenye kliniki ya meno, ninakofanya kazi mapokezi. Mimi naandika namba na matibabu, skrini inaonyesha. Siku ilipowashwa mara ya kwanza ndiyo niliyomleta baba. Jino lilimtesa hadi akawa anameza bila kutafuna, lakini alivyoogopa koleo, tulimbembeleza mpaka tukachoka. Nilimwapia kwamba hatang'olewa.

Mgonjwa wa kwanza akaitwa: "Kuziba jino na kung'oa mawili." Baba akasogea karibu na mlango. Zamu yake ilipofika nikaandika "Kuziba jino", basi. Skrini ikatoa: "Kuziba jino na kung'oa mawili."

Baba alitoka mbio, kiatu kimoja kikabaki mlangoni. Nikampigia dada.

"Umeandika vibaya," akasema.

"Njoo uandike wewe!"

Akaja, akaandika. Yale mawili yakatokea tena. Akafungua kompyuta yake, akachungulia. Kumbe kisanduku cha maneno kikipewa maneno mapya, kompaila yake inayaandika juu ya yale ya zamani, lakini urefu inauacha uleule. Mkia wa mgonjwa aliyetangulia unabaki palepale.

Nilitaka kucheka, lakini baba alikuwa ameng'ang'ania geti, shavu limevimba, na roho iliniuma. Dada akamwendea. Akakohoa.

"Baba, nisamehe. Kosa ni langu."

Baba akamkodolea macho. "Hebu rudia."

"Kosa langu, baba. Turudi ndani."

"Haya. Lakini usimame ubavuni mwa daktari. Akishika koleo tu, piga kelele."

Dada akasimama. Daktari akainua sindano ya ganzi, na kabla haijafika mdomoni, puu! Dada yuko sakafuni. Baba akashuka kitini, akaanza kumpepea. Alipozinduka, baba akapanda tena bila kusukumwa na mtu, akaushika mkono wake.

"Usiogope, mwanangu," akamwambia. "Haiumi."