Kosa Langu Ni Pazia

Fundi alikuwa na miaka minne katika nchi ya watu. Alishonea kwenye duka dogo la kurekebisha mavazi: cherehani mbili, meza ya kukatia, meza ya pasi, na kona ya kupimia wateja iliyozibwa kwa pazia la kijivu. Pazia hilo ndilo lililomponza.

Kwao, mtu akikupima kiuno bila kukuuliza neno utadhani anakupimia jeneza. Mkono unazungusha futi, mdomo unauliza: umezaa wangapi, wa mwisho ana umri gani, baba yao yuko wapi siku hizi. Wala si umbea. Mwili ulionyonyesha haukai kwenye nguo kama ambao haujanyonyesha, na fundi asiyejua habari za mwili hushona gunia.

Ugenini mambo yalikuwa kinyume. Watu walikuwa wapole, wepesi wa kukushikia mlango upite, lakini ukimwuliza mtu umri wake anakutazama kana kwamba umemtia mkono mfukoni. Mwenye duka, mwanamke mrefu asiyependa kelele, alimwambia tangu wiki ya kwanza, "Fundi, mteja mwulize urefu, upana, na siku anayoitaka nguo. Basi."

Fundi akajizuia. Alijizuia vizuri, isipokuwa pale alipojisahau, na alijisahau karibu kila siku.

Siku ya kosa alikuja bibi harusi akiongozana na mama mkwe wake mtarajiwa. Harusi ilikuwa miezi miwili na nusu mbele, na gauni lilitakiwa libanwe kiunoni. Nyuma ya pazia Fundi akazungusha futi, akaona jinsi binti anavyolilinda tumbo kwa kiganja, akamnong'oneza kama angemnong'oneza mdogo wake.

"Una miezi mingapi, mwanangu? Nikuachie nafasi kwenye mshono."

Sasa, Fundi alikulia nyumba ya watu kumi na wawili. Kunong'ona kwake kulisikika mpaka meza ya pasi. Mama mkwe akakohoa mara moja. Binti akavaa nguo zake haraka, akatoka analia, gauni akaliacha na pini zake.

Jumatatu mwenye duka akaweka karatasi juu ya meza ya kukatia. Iliandikwa kwamba Fundi anakiri kosa la kuuliza mambo binafsi, na kwamba hatarudia kwa mteja yeyote. Asipotia saini hadi Ijumaa, kazi hana. Na kibali chake cha kukaa nchini kilishikana na kazi hiyo kama kifungo na tundu lake.

Akampigia simu dada yake mkubwa.

"Tia saini, wewe," dada akasema. "Ukienda kwa wenye chongo, nawe fumba jicho."

"Nimefumba miaka minne, dada. Sasa hata nikitaka kulifumbua linagoma."

"Basi fumba yote mawili, kazi ibaki."

"Na kushona nitashonaje?"

Dada akacheka, kisha akashusha pumzi. "Umekuwa mkaidi kama marehemu mama."

Hapo dada alikuwa amegusa penyewe. Mama yao alifariki mwaka uliotangulia. Fundi alipata habari alfajiri, akaenda kazini kwa kuwa hakujua pengine pa kwenda, macho mekundu kama pilipili. Mwenye duka alimtazama, akageuka. Mpiga pasi, bwana mmoja mnene wa maneno machache, alizima redio yake na kumwekea glasi ya maji kando ya cherehani. Hakuna aliyeuliza. Siku ile Fundi alipinda suruali tisa akingoja mtu amwambie tu, "Una nini?", apate pa kuanzia. Jioni akarudi na msiba wake mdomoni. Ile glasi ilikuwa wema, hajapata kuukana. Lakini maji hayakumwuliza kitu.

Ijumaa akawahi kufika. Akayafuta maandishi ya karatasi kwa mstari mmoja mnyoofu, akaandika yake chini. Mwenye duka alipoingia, akasoma kwa sauti:

"Kosa langu ni pazia. Nilimwuliza mtoto wa watu jambo la ndani mahali pa wazi, na nitamwomba radhi mimi mwenyewe. Swali si kosa. Nitaendelea kuuliza, mlango ukiwa umefungwa, na asiyetaka kujibu asijibu."

Akainua macho. "Hii siyo niliyokuandikia."

"Siyo, bosi. Ile haikuwa ya kwangu."

"Watu wa hapa hawapendi kuulizwa."

"Wengine hawapendi. Wengine nikiwauliza wanakaa saa nzima, chai yangu inapoa."

"Nitalazimika kukuondoa."

"Niondoe. Nikifukuzwa kwa kuuliza nitabeba mkasi wangu niende. Kubaki kwa sababu nimekuwa bubu, sitaki."

Mpiga pasi akasema bila kuinua kichwa, "Mimi aliniuliza mke wangu yuko wapi. Siku ya tatu tu tangu aje."

"Ukamjibu nini?" mwenye duka akauliza, kabla hajajizuia.

"Kwamba sijui. Tangu hapo kila Jumatatu ananiuliza kama nimeshajua."

Mwenye duka hakucheka. Aliikunja karatasi mara nne, akaitia mfukoni. Kengele ya mlango ikalia. Akaingia mama wa makamo, ameshika koti la kiume, anataka mikono ipunguzwe.

Fundi hakumpeleka kwenye pazia. Alimpeleka stoo, akaondoa majora ya vitambaa kwenye kiti, akamkalisha, akafunga mlango. Chini ya mlango akaona viatu vya mwenye duka vimesimama. Akaufungua tena.

"Bosi, sogea kidogo. Huku tuna mazungumzo."

Viatu vikakaa kidogo, kisha vikaondoka. Fundi akafunga, akalitandaza koti magotini.

"Haya, mama," akasema. "Koti hili ni la nani, na mwenyewe yuko wapi?"