Mavyaa Alimpeleka Mbwa Wangu Baharini

Mbwa yule nilimchagua mwenyewe, kwa macho yangu mawili, na sitaki kusikia mtu akisema nilibebeshwa. Mimi ni msusi. Nina kibanda changu hapa Timbwani, mwaka wa ishirini huu, na kichwa cha mtu nikikitazama tu najua lini kiliguswa na chanuo mara ya mwisho. Mume wangu alitaka mbwa wa kubweka, wa kufungwa mnyororo nyuma ya nyumba na kutupiwa makombo ya ugali. Nikamwambia mbwa huyo akamfuge kwao. Mimi nilitaka poodle, wale mbwa wenye nywele za kujisokota kama kipilipili, kwa sababu nilisikia hawamwagi nywele ndani ya nyumba. Nywele nazifagia kazini kutwa kucha. Nyumbani sizitaki.

Tulimfuata Miritini, kwa mtu aliyekuwa na watoto watano wa mbwa ndani ya kreti. Yule bwana alikuwa na maneno mengi kama redio. Akanishikisha yule mnene kuliko wote, akasema, "Chukua huyu, mama, huyu hana kazi. Hamwagi nywele, unamwacha hivyo hivyo." Uongo mtupu! Nywele isiyoanguka inakwenda wapi? Inabaki pale pale, inashikana na mwenzake, na usipoichana kila siku inakuwa jamvi. Hata msichana aliyeanza kujifunza kusuka jana analijua hilo. Nilimpa za uso. Nikataka nionyeshwe mama yao, nimwone anavyotembea na kama ni mkali. Nikawakagua wale watoto mmoja mmoja, macho, meno, tumbo, nikamchukua jike mdogo wa rangi ya chai ya maziwa aliyekuja mwenyewe kuninusa vidole. Mume wangu alikaa kwenye gari akijifanya hanijui.

Basi nikamtunza. Kila asubuhi kabla ya kufungua kibanda nilimsimamisha juu ya meza nikamchana kuanzia miguuni kwenda juu, safu kwa safu, mpaka naiona ngozi, kwa sababu ukichana juu juu unajidanganya, donge liko chini. Nikimwogesha, nilimkausha mpaka mizizi. Joto letu hili na unyevu wake si mchezo, nywele zikilala na maji ngozi inaoza. Kila baada ya wiki kadhaa nilimpunguza kwa mkasi wake, si mkasi wa wateja, maana jirani yangu wa ukuta mmoja ni mtu wa swala tano na husukwa kwangu, nami sikutaka kumtia katika najisi. Yeye hakuwa na neno. Aliniomba tu nimfungie mbwa wakati akienda kuswali, nami nikamfungia. Waliobaki walinicheka. Walimwita kondoo. Waliniambia mbwa ana manyoya, nywele ni za binadamu. Niliwaacha wacheke mpaka wakachoka.

Kisha shangazi yangu akafariki kule Ganze, ikabidi niende matangani siku tisa. Mume wangu ni dereva wa malori, alikuwa njiani. Nyumbani akabaki mavyaa wangu, mama mzaa mume, ambaye tunaishi naye. Nikamwambia, "Mama, mpe chakula, mpe maji. Nywele zake usiziguse, huzijui." Nilisema kwa sauti ile ninayowasemesha wanagenzi wangu. Akaniitikia, "Haya, mwanangu."

Siku ya kumi narudi, nimechoka, macho yamevimba kwa kulia, nafungua mlango wa ua, namwona nani? Kiumbe nisichokijua. Nywele zote zimekuwa kipande kimoja, zimekakamaa kwa chumvi, mchanga unadondoka akitembea. Kichwa amekipinda upande mmoja. Sikio la kushoto lilikuwa donge kubwa kama embe dodo, na lilikuwa linanuka. Nilipolishika alipiga ukelele ambao sijawahi kuusikia kwa mbwa.

"Umemfanya nini?" Hakuna shikamoo, hakuna pole za safari, hakuna nini.

Mavyaa alitoka jikoni akijifuta mikono kwa leso. Akasema mbwa alianza kujikuna sikio tangu siku ya pili. Akawa anatikisa kichwa, analia, hataki kula. Yeye akaona ni upele umemwingia, akawa anampeleka baharini kila asubuhi, maji ya chumvi yamkaushe. Alimbeba kwa mikono, na magoti yake yale, mpaka ufuoni na kurudi.

Najua, sisi sote tuliopata upele utotoni tulizamishwa baharini tukapona. Nami nilizamishwa. Lakini siku ile sikutaka kukumbuka lolote! Hasira zilinipanda mpaka masikio yakaziba. Nilimchambua kama karanga. Nilimwambia ni mshamba, kwamba amelea watoto kumi kwa bahati tu, kwamba mtu mzima asiyesikia maneno mepesi ya kuambiwa afadhali asiachiwe hata kuku. Nilisema na mengine ya kwao na ya marehemu mumewe, ambayo siyaandiki hapa. Ua mzima ulisikia. Jirani yangu alitoka akashika kichwa, "Astaghfirullah! Ni mama yako huyo!" Nikamwambia akae kando. Mavyaa alikaa kwenye kizingiti, akajifunika leso usoni.

Nilimfunga mbwa kwa leso nikampakata kwenye bodaboda mpaka kwa daktari wa mifugo, mama mmoja wa makamo asiyependa maneno. Akalibonyeza lile sikio, akaniambia nyama imekufa, na uozo ukishafika kichwani mbwa hatapona. Yule mbwa nilimpenda, jamani, kuna ubaya gani kulisema? Hapo nikaanza tena, namhadithia daktari habari za mavyaa, bahari, mchanga, ushamba, mbwa wangu anauawa na watu wasiojua kitu. Daktari anakata nywele kwa mashine, nami naendelea kama cherehani.

Alipofika ndani ya donge alisimama. Akachukua kibanio, akavuta kitu taratibu, akakiweka kwenye kiganja chake.

"Hii ni ya nani?"

Ilikuwa raba. Raba ndogo ya rangi ya waridi, zile ninazofungia watoto mabutu ya nywele.

Asubuhi ya safari nilimfunga butu moja kila sikio, nywele zisiingie kwenye bakuli la chakula wakati sipo. Basi lilikuwa linanisubiri. Nilifunga haraka haraka bila kutazama, na sikio la kushoto nikalibana nywele pamoja na nyama yake. La kulia ile raba ilikatika ikaanguka. Miaka ishirini nafunga vichwa vya watu! Daktari akasema hii ilianza kubana siku ile ile, na kwamba mtu aliyekuwa akimwosha alikuwa ameona jambo la kweli, ila hakujua liko wapi. Hakunilaumu. Afadhali angenilaumu. Alikata nusu ya sikio, akanipa dawa, nami raba ile nikaitia mfukoni.

Niliporudi mavyaa alikuwa bado pale kizingitini. Akainuka akauliza, "Atapona?"

Nikasema atapona, ila sikio limekatwa. Akajishika kifua. Hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema. Nilifungua mdomo, na kilichotoka ni, "Chakula kipo?" Raba nikaitupa chooni.

Ni miezi minne sasa. Mbwa amepona, nywele zimeota vizuri kushinda mwanzo. Mavyaa aliniomba nimfundishe kuchana, nikamfundisha, na mkono wake ni mwepesi kuliko wangu. Kila alasiri humpakata, akifika kwenye kile kipande cha sikio humwambia, "Nisamehe, mwanangu, sikujua." Namsikia nikiwa dirishani. Nimekasirika mpaka meno yananiuma, na sina tena wa kumkasirikia ila mmoja.

Juzi jirani yangu alikuja kusukwa. Akamtazama mavyaa kule uani na yule mbwa mapajani, akaniambia, "Wallahi, dada, wewe una moyo. Wengine wasingemsamehe."

Nikamwambia asante, nikaendelea kusuka.