Kibodi Iliyolala Kwetu

Juzi hapa Mwingi niliingia cyber, duka la kompyuta, kuandikiwa barua. Kijana wa pale aligeuza kibodi kichwa chini, akaipiga mgongoni kwa kiganja, pa, pa, pa, vumbi likaanguka mezani. Nilisahau hata barua ilikuwa ya nini. Mlio huo niliujua. Niliutoa mimi mwenyewe, jikoni kwa mama, nikiwa darasa la sita.

Nitaandika vile ninakumbuka. Pengine nitakosea mahali, maana kalamu si kazi yangu.

Shule yetu, huko juu Nunguni, ilikuwa na kompyuta moja, na wazazi waliogopa wezi. Wakaamua iwe inalala vipande vipande: lile sanduku lenyewe ofisini, skrini nyumbani kwa pasta, kipanya kwa kina Mutheu, rafiki yangu, na kibodi kwetu. Kila Ijumaa tulivileta, Mwalimu Kyalo akaviunganisha. Kibodi ilisafiri ndani ya kiondo, kile kikapu cha mkonge cha Mama, imefungwa leso, nami nikitembea polepole kama nimebeba mayai.

Mwalimu alitufundisha kwamba kompyuta ni lile sanduku. Vingine vyote vinavyounganishwa kwa waya ni vifaa vya pembeni. "Ukiving'oa, kompyuta bado ni kompyuta," alisema. Darasa likatugeukia mimi na Mutheu, tukaitwa watu wa pembeni mpaka jioni. Tulicheka nao. Tulikuwa wawili, haikuuma.

Jioni za siku nyingine Mutheu alikuwa akija kwetu tufanye mazoezi. Skrini hatukuwa nayo, kwa hivyo mmoja alitaja herufi na mwingine akaibonyeza akiangalia ukuta. Nilimfundisha hivyo kwa sababu mimi mwenyewe nilishika haraka kwa njia hiyo. Siku ya wazazi ilikuwa inakaribia, na mwalimu alikuwa amenichagua mimi niandike makaribisho mbele ya watu. Mama alishawaambia akina mama wote wa kanisa.

Jumatano moja tulikuwa tunamsaidia Mama kukanda unga wa chapati. Alipotoka kuchota maji, tulikimbilia kibodi bila kunawa. Herufi E ikakwama. Tukaigeuza, tukaipiga mgongoni kwa zamu, tukicheka mpaka machozi.

"Usiambie mwalimu," nilimwambia.

"Nimwambie nini sasa?"

Ijumaa mwalimu aliniita kando. Mutheu alikuwa amemwambia. Aliniuliza kama ni kweli nilishika kibodi na mikono ya unga, nikasema ndiyo, kwa sababu ilikuwa kweli. Hakuuliza nilikuwa na nani, na mimi sikumtaja mtu. Akasema tangu leo italala kwa kina Mutheu, na Mutheu ndiye ataandika. Hakunigombeza. "Usilie, Mwende. Hiyo ni kitu ya pembeni tu."

Siku yenyewe Mama alikaa mstari wa mbele na kitambaa chake cha kichwa cha Jumapili. Mutheu aliandika "Karibuni wazazi wetu" bila kosa hata moja, macho yakiwa ukutani. Watu wakapiga makofi. Mama alinitafuta katikati ya watoto wa kwaya, akanipata, halafu naye akapiga makofi. Sijui alikuwa anafikiria nini. Tulirudi nyumbani, akakirudisha kile kiondo, sasa kitupu, kwenye msumari wake, akaanza kupika.

Yule kijana wa cyber aliwasha mashine kibodi ikiwa bado mkononi, waya haujachomekwa. Mashine ikakataa kuendelea, ikaandika kwamba haioni kibodi, ikangoja. Mwalimu hakukosea, nafikiri; jina la vile vitu ni hilo. Ila hakutuambia kwamba sanduku linaweza kukaa tu pale, linangoja kitu cha pembeni.

Miaka mingi nimesema Mutheu alinisingizia. Si haki. Hakusema uongo hata neno moja, na mimi nilikubali. Ndiyo maana sikuwahi kujua nimkasirikie kwa lipi. Ni juzi tu, nikiangalia lile vumbi mezani, ndipo nilipohesabu mikono iliyokuwa na unga siku ile. Ilikuwa minne.