Waya wa Langoni kwa Mama Perez

Joram Wakhisi, fundi wa stima, hakuwa mwoga wa umeme. Stima ilishamrusha zaidi ya mara moja, akainuka, akajipangusa vumbi na kurudi kazini. Alichoogopa ni watu wakiwa wengi na hasira, na siku ile kule Kombewa hakuogopa bure.

Ilikuwa mwaka wa tisini na nne. Gordon Ouma, mfanyabiashara wa Kisumu, alimchukua Wakhisi kutoka mtaa wa Migosi kwa Peugeot yake hadi Kombewa, nyumbani kwa mama yake Gordon. Wezi walikuwa wakija na malori kubeba ng'ombe, na mama huyo, Mama Perez, mjane, aliishi peke yake. Gordon alitaka waya uzikwe kwenye njia ya gari, pale langoni, ili gari lolote likipita juu yake kengele ilie ndani ya nyumba. Mama alikuwa kanisani. Gordon naye, bwana mkubwa asiyeona haja ya kumweleza mtu jambo, alimwacha fundi akichimba, akaenda Maseno kutafuta simiti.

Wakhisi alichimba mtaro mwembamba wa pembe nne, akazungushia ndani yake waya mwekundu, akauvuta hadi kwenye kisanduku dirishani na kuunganisha betri. Alikuwa amepiga magoti akifukia aliposikia nduru.

"Uwi! Jajuok! Mchawi anazika kitu kwa mlango yangu!"

Mama Perez alisimama barabarani, Biblia kifuani. Langoni pa mtu si mahali pa mgeni kuzika kitu. Hata kwao Bungoma, Wakhisi angepigiwa kelele hizo hizo. Alilijua hilo na bado alichimba, kwa kuwa tajiri alisema chimba. Watu wakamiminika kutoka mashambani na fimbo na majembe. Dalmas, jirani wa mama huyo, akamkanyaga mkono uliokuwa udongoni.

"Wewe, nani amekutuma?"

"Gordon, mzee. Ni ya gari. Gari ikipita, kengele inalia yenyewe."

"Yenyewe?" Dalmas akawageukia wenzake. "Mmesikia?"

Wakamburuta Wakhisi hadi kando ya njia. Muda wote huo alikuwa akimwomba Mungu amlete Gordon upesi. Sasa alimwomba amcheleweshe, maana kengele ikilia ndani ya nyumba isiyo na mtu, nani angengoja maelezo?

Peugeot ikakata kona, ikaingia langoni. Kengele ikalia.

Waliokuwa mbele wakarudi nyuma wakisukumana. Dalmas hakurudi. Aliinua fimbo, na Wakhisi akafumba macho, akamwita mamake kwa sauti kama mtoto.

"Wacheni!" Gordon aliruka nje. "Ni fundi wangu! Ni waya tu!"

Fimbo ikashuka polepole. Watu wakaanza kutawanyika wakinung'unika, na hakuna aliyesema pole. Mama Perez alibaki barabarani. Hakutaka kukanyaga pale.

"Mama, ingia bwana," Gordon akasema kwa ukali.

Wakhisi alimtazama mama huyo, akaona hofu ile ile aliyokuwa nayo yeye. Akamwendea, akamnyooshea mkono uliovimba. "Tupite pamoja, Mama."

Wakapita. Ndani ya nyumba kimya.

"Haijalia," Mama Perez akanong'ona.

"Inasikia gari, Mama. Mtu wa miguu haisikii."

Mama Perez akageuka. Dalmas na wenzake walikuwa bado wanaonekana barabarani, fimbo mabegani.

"Hawa mimi ndio niliita," akasema. "Niliita mara moja tu, wakakuja wote. Sasa mimi ni mzee, naishi peke yangu. Siku wakisema jajuok ni mimi, si watakuja kwa miguu?"

Mama Perez aliendelea kuushika ule mkono uliovimba, akiubana mpaka ukauma, na fundi hakuuondoa.