Simu Ndani ya Kikapu cha Nyuzi

Jumamosi, tarehe 9 Agosti. Asubuhi manyunyu, upepo wa baridi, jua halijaonekana.

Siku hiyo nilimkamata mume wangu akinirekodi kwa siri.

Nilikuwa nimemaliza sala yangu ya asubuhi kwenye chumba ninachoshonea nguo za watu. Nikasema amina, nikaingiza mkono kwenye kikapu cha nyuzi nitafute sindano. Nikagusa kitu chenye joto.

Simu yake. Inarekodi.

Nikaitoa kikapuni.

Nikatazama ndani yake. Kumbe rekodi zimo nyingi! Mimi nikiomba. Mimi nikisoma kwa kubabaika zoezi langu la masomo ya jioni. Mimi nikicheka na jirani. Mimi nikikoroma, Mungu wangu!

Nikairudisha kikapuni ilivyokuwa.

Huyu mwanaume tumetoka naye mbali. Watoto wameshaondoka, tumebaki wawili. Anapiga gitaa kwenye bendi ya roki, yeye na watu wazima wenzake. Hawana kampuni, wanajirekodia wenyewe kwenye stoo ya mpiga ngoma.

Zamani walipiga mpaka vioo vya madirisha vikalia. Sasa wanatengeneza albamu ya polepole, nyimbo zote za watu waliokaa kwenye ndoa muda mrefu. Waliozionja wakasema, "Hawa wamekomaa."

Kukomaa gani? Nyumbani, miezi mingi sasa, nilikuwa naongea na mgongo. Namwita, kimya. Namuuliza atakula nini, kimya. Nikimgusa bega anaruka kama ameguswa na jini.

Nikamweleza jirani yangu mwenye saluni.

"Shoga, mwanaume akianza kumrekodi mke, anakusanya ushahidi."

"Ushahidi wa nini? Wa kukoroma?"

"Cheka tu. Utakuja kuisikia sauti yako mbele ya hakimu."

Nilicheka kwa mdomo tu. Njia nzima ya kurudi nyumbani naomba: Ee Mungu, usiruhusu niachwe nikiwa na mvi hizi.

Mchana ule ule bendi ilikuwa na kikao kwenye ile stoo. Wana sheria yao: wimbo hauingii kwenye albamu mpaka mke wa aliyeutunga ausikilize mbele ya wote. Mke akitoka nje, wimbo unatupwa. Wa mpiga besi ulishatupwa. Mkewe alitoka kwa hasira, viatu mkononi.

Siku hiyo ilikuwa zamu yangu.

Nikakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, wake wengine pembeni. Mume wangu akapapasa nyuzi za gitaa, akaimba:

*Sauti yako naweka, kwa siku ya kuagana,
Nyumba ikishanyamaza, nibaki na pa kushika.*

Kuagana!

Nikasimama.

"Baba watoto, unaniacha? Au mimi ndiye ninayekufa na sijaambiwa?"

Nikaelekea mlangoni.

"Shem, ngoja!" Mpiga ngoma aliangusha vijiti vyake. Akamgeukia mume wangu. "Mwambie, bwana! Usipomwambia wewe, namwambia mimi."

Mume wangu alinitazama. Hakunitazama machoni. Alinitazama mdomoni.

"Mama watoto, masikio yangu yanakufa," akasema. "La kushoto limekwisha. La kulia, daktari amesema litafuata."

Mpiga ngoma akaokota vijiti vyake.

"Huko kukomaa tunakosifiwa, shem," mpiga ngoma akasema taratibu, "ni masikio ya mumeo. Tukipiga kwa nguvu anaumia. Ndiyo maana albamu yote ni ya polepole."

"Na kunirekodi?"

"Wimbo ukiusikiliza mara nyingi," mume wangu akajibu, "unabaki kichwani hata spika ikizimwa. Nataka na wewe ubaki hivyo. Hata kukoroma kwako."

Mke wa mpiga besi akaanza kufuta machozi kwa ukingo wa kanga.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Niliogopa utachoka kuishi na jiwe."

Ndugu zangu, hofu haikuniondoka. Ilibadilika tu. Mwanzo niliogopa kuachwa. Sasa nikaogopa siku nitakayomwita jina lake na asigeuke kabisa.

Na nikajifunza jambo. Miezi yote hiyo nilimuuliza Mungu, "Mume wangu ana nini?" Mume mwenyewe sikuwahi kumuuliza. Omba, ndiyo, usiache. Lakini ukisema amina, inuka ukamuulize mtu.

Nikarudi kutoka mlangoni. Nikasimama upande wake wa kulia, nikapaza sauti wote wasikie:

"Wimbo huu uingie. Na mbele yenu nyote naahidi: tutajifunza lugha ya alama, mimi na yeye, dawati moja. Siku nikimkasirikia nitamgombeza kwa mikono mpaka vidole viniume. Lakini kwenye kimya hicho hataingia peke yake."