Kinyozi na Milima Miwili ya Barafu

Nyie mnaochagua likizo ili kumkomoa shemeji, mnanichosha. Kinyozi mmoja alikuwa na milima miwili ya barafu ya kuchagua. Mmoja una kigari cha kwenye waya, kinakupeleka mpaka kwenye barafu umekaa. Mwingine unapandwa kwa miguu, na shemeji yake alishaupanda. Mkewe ana goti bovu na hamu ya kuishika barafu hiyo.

"Twende wa kigari, baba watoto."

"Huo wa vikongwe! Shemeji atanicheka."

"Basi kapande na huyo shemeji yako. Mimi naenda na dada."

Akaenda kweli, akaishika barafu mpaka vidole vikafa ganzi. Bwana mkubwa aliishia kambi ya kwanza, anatapika. Sasa anawatambia wateja eti alifika kileleni. Ukikaa kwenye kiti chake, tafadhali mwombe picha.